Kabla Hujanunua Taa, Njoo Ukae Mazoezini

Jumapili asubuhi niliamka na kukuta ujumbe wa kijana mmoja wa Pongwe, Tanga. Ananiita dada, ananisalimu kwa adabu, kisha anaingia kwenye shida yake: ameweka akiba milioni mbili, anataka kuwa mtu wa taa za jukwaani, je, anunue meza gani ya kuongozea taa, na muvinghedi ngapi, zile taa zinazogeuza kichwa zenyewe?

Usiku wa kuamkia siku hiyo nilikuwa nimetoka kuendesha taa za onyesho la sarakasi na ngoma hapa Bagamoyo, na mwili ulikuwa bado una moto wake. Nikaanza kumjibu kwenye simu. Jibu likawa refu mno, nikaona nililete hapa, maana najua wengi mnaonisoma mnatamani alichotamani yeye: kukaa nyuma ya meza, usukume swichi moja kwa kidole, na jukwaa zima liitike.

Mdogo wangu, usinunue kitu kwanza. Weka hela yako, nikusimulie.

Mimi ni mtoto wa Ngamiani, Tanga mjini, barabara ya 12. Umeme nilifundishwa na mjomba wangu, umeme wa majumbani, wa kuchimba ukuta na kupitisha bomba. Mwaka 2012 nilikuja Bagamoyo kufunga nyaya kwenye nyumba ya wageni, na jioni moja nikafuata mlio wa ngoma mpaka kwenye kiwanja ambako kikundi kilikuwa kinafanya mazoezi. Walikuwa na taa nne tu. Moja ilikuwa imewekwa chini, ubavuni, na kila mpiga ngoma alipoinua mkono, mkono ule ulitokeza kutoka gizani peke yake. Sikurudi Tanga.

Mwaka uliofuata nikapewa onyesho langu la kwanza la kulipwa, ufukweni, kwa kikundi ambacho sitakitaja. Nilikuwa na taa kumi na mbili za pari, zile za kopo zisizojigeuza, na muvinghedi mbili za kukodi. Mchana kutwa nilizishughulikia. Niliandika mpangilio wangu kwenye meza kwa fahari, na mwishoni kabisa nikaweka zawadi yangu kwa watazamaji: vijana wa sarakasi wakishajenga piramidi na yule wa juu akiruka, taa ya kupepesa ipige mara kadhaa, halafu giza totoro, halafu mwanga wote kwa mpigo. Sikumwambia mtu. Nilitaka washangae.

Kijana akaruka. Mimi nikapiga. Alikuwa bado yuko hewani akizunguka nilipozima, na mwenzake aliyekuwa chini kumdaka hakumwona tena. Niliporudisha mwanga, kijana alikuwa amelala ubavu, amekamata kifundo cha mkono. Watazamaji walikuwa wanapiga makofi, wakidhani ni sehemu ya mchezo.

Mkono ulivunjika. Nilikaa naye hospitali mpaka alfajiri, na mama yake alipofika nilimwamkia, akaniitikia marahaba bila kuniangalia. Kiongozi wa kikundi hakunipigia kelele. Aliniuliza neno moja tu: "Ulikuwa unaangalia nini?" Nikajua jibu na sikuweza kulitoa. Nilikuwa naangalia meza. Usiku ule wote, tangu ngoma ya kwanza, nilikuwa naangalia meza.

Nikamwomba aniruhusu nije mazoezini, bila malipo, bila taa. Akakubali. Nikaenda miezi saba, jioni kwa jioni, na kwa sehemu kubwa hakuna la kusimulia: nilikaa kwenye benchi nikahesabu. Nilijifunza kwamba mrukaji huvuta pumzi kabla ya goti kukunja. Nilijifunza kwamba mpiga ngoma mkubwa ndiye anayeita mabadiliko, na kwamba huwa anainua kidevu kabla ya kuita. Siku nilipoanza kukiona kile kidevu nikiwa mwisho wa kiwanja, nilijua nimekuwa mtu wa taa, na sikuwa na hata balbu moja mkononi.

Ndiyo maana nakwambia njoo mazoezini. Muvinghedi utazikodi.

Kuna mambo ya fundi ambayo ni lazima uyajue, nayapitia haraka. Piga hesabu ya umeme kabla ya kuchomeka chochote. Pari za zamani zenye balbu ya wati 1,000 zikiwa kumi na mbili zinakula wati 12,000, na kwa umeme wetu wa volti 230 hiyo ni ampea 52 hivi. Soketi ya ukutani ni ya ampea 13. Taa tatu tu, imefika mwisho. Pari za LED hunywa kidogo sana, lakini usije ukachangia jenereta na friji la muuza soda. Kebo ya DMX, inayopeleka amri kutoka mezani hadi kwenye taa, hubeba chaneli 512, yaani njia za amri, na kila taa unaipa namba yake ya kuanzia: kama taa zako zinatumia chaneli saba saba, ya kwanza ianze 1, ya pili 8, ya tatu 15. Mwisho wa mstari chomeka kizuizi cha umeme (resista) cha omu 120, la sivyo taa zinaweza kuanza kucheza zenyewe na wewe utalaumu meza. Waya wa maikrofoni usiutumie kwa kazi hiyo hata kama plagi inaingia. Na kila taa iliyoning'inia iwe na waya wake wa pili wa usalama, kwa sababu chini yake kuna mtoto wa mtu. Hewa ya bahari hapa inakula plagi. Zifute, zikaushe, zifunike.

Lakini hayo utayasoma popote. Ambalo hutalisoma ni giza letu. Sisi tunacheza nje. Nyuma ya wachezaji hakuna ukuta wala pazia, kuna bahari na usiku. Ukimmulika mtu mweusi kwa mbele tu, kichwa na mabega yake yanayeyukia usiku ule, na watazamaji wanabaki na uso unaoelea. Weka mwanga nyuma yake, juu, ili umchore pembeni. Huyo ndiye atakayeonekana mpaka mstari wa mwisho. Stanley McCandless, aliyefundisha chuo cha Yale huko Marekani, aliacha utaratibu ambao mafundi wengi bado wanaanza nao: taa mbili kwa kila eneo, kila moja kutoka juu kwa nyuzi 45, upande mmoja mwanga wa joto na upande wa pili wa ubaridi. Ni utaratibu mzuri kwa mwigizaji anayezungumza ukumbini. Kwa sindimba hautoshi hata kidogo. Sindimba iko kiunoni, na kiuno unakipata kwa taa za ubavuni, za chini, usawa wa goti na nyonga. Ukimulika nyuso, umewaficha.

Na rangi. Taa rahisi za LED zikichanganya nyekundu, kijani na bluu kutengeneza nyeupe, ngozi zetu zinatoka kama zimepakwa majivu. Nimeona bibi harusi wa watu akitolewa ukumbini akiwa na rangi ya mgonjwa, na fundi anachezea bluu kwa furaha. Inaniuma kila mara. Anza na kaharabu na waridi hafifu, mwangalie mtu usoni, kisha ongeza. Bluu iweke nyuma.

Jua letu nalo linakuwekea ratiba. Huku mwaka mzima linazama baada ya saa kumi na mbili na kabla ya saa moja, na giza halichelewi. Ukitaka kuelekeza taa zako mchana wa onyesho, hutaona kitu. Njoo usiku wa kuamkia onyesho, na uwaombe wachezaji wasimame mahali pao. Watakuja wakikufahamu. Na watakufahamu ukiwa umekaa nao mazoezini.

Sasa lile linalouma mpaka leo. Miaka michache baadaye niliendesha taa za sherehe kubwa, siku tatu. Mwisho, mwandaaji alipanda jukwaani na kumshukuru fundi taa, akamwita kijana aliyekuja na gari la vifaa, mgeni ambaye hata mpangilio wangu hakuujua. Kijana akapanda. Mimi niko nyuma ya meza, nimewasha mwanga unaommulika. Hela yangu nilipewa nusu, na ile nusu nyingine naidai mpaka sasa. Wanawake wenzangu mnaotaka kazi hii, nawaambia wazi: mtaambiwa shika hii kebo, mwite fundi. Msizire. Andikeni mkataba kabla ya kufungua sanduku la kwanza, na jina lenu liandikwe humo. Kazi yetu ikienda sawa hakuna anayeiona, kwa hiyo usisubiri mtu akuone, sema wewe. Mungu hakukupa jicho ili ulifiche kwa aibu. Mtu asiyethamini kazi yake anawafundisha wengine kuidharau, na vijana wengi mnaanza hivyo hivyo, mnafanya bure shughuli ya kumi, mnaita ni kujitangaza.

Jumamosi iliyopita kijana aliyevunjika mkono ndiye aliyenipigia simu nije. Sasa ana kikundi chake, anafundisha watoto. Kabla ya onyesho alikuja mezani, akanionyesha kwa kidole msichana mwembamba wa miaka kumi na mbili. "Dada, huyu anaruka kwenye pigo la nne. Mimi ndiye nadaka." Nikamuuliza mwanga ukae wapi usimwingie machoni akitazama juu. Akanionyesha. Tukajaribu mara tano, yeye akiangalia juu, mimi nikisogeza, mpaka akasema hapo. Usiku ulipofika sikuwa na giza lolote wala taa ya kupepesa. Niliwasha kila kitu, nikaacha kuangalia meza, nikamtazama mtoto yule goti lake. Pigo la nne. Akadakwa.

Kwa hiyo, mdogo wangu wa Pongwe, hela yako iache benki. Bagamoyo ina chuo cha sanaa tangu mwaka 1981, ambacho leo ni TaSUBa, Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo, na tamasha lake la kila mwaka linaleta vikundi kutoka kila upande. Ukija wakati huo utaona jinsi jukwaa linavyobadilishwa kati ya kikundi na kikundi. Ila usisubiri tamasha. Sisi tuko mazoezini Alhamisi, saa kumi jioni. Panda basi la kwenda Dar linalopita Chalinze, shuka Msata, hapo utapata gari la Bagamoyo, ni kilomita 64. Vaa viatu vya kufunika vidole, beba daftari. Taa hutagusa wiki hii.