Maswali ya Wasomaji: Kila Pakiti ya Filta na Kazi Yake

Mwezi huu karibu barua zote ni za maji ya tangi, yamechafuka, yananuka, yamegeuka rangi, na kila mtu anauliza atie nini kwenye filta. Nimechagua tatu.

Assalam aleikum mwalimu. Mimi kijana wa Langoni hapa Lamu. Nilianzisha tangi la lita 100 na goldfishi wanne, sasa ni wiki ya tatu, maji nachota kisimani kwetu. Wiki ya pili maji yakawa meupe kama ya kuoshea mchele, yakaanza kunuka, samaki wawili wakafa. Nikatwanga makaa ya jikoni nikatia kwenye filta, hola. Nikaagiza Mombasa, duka likaniuzia pakiti tatu, moja nyeusi, moja vijiwe vyeupe, moja nyekundu kama kutu, wakasema tia zote maji yatakuwa kioo. Nimetia zote. Sponji naiosha na sabuni kila Ijumaa na mapambo nimeokota matumbawe ufuoni. Bado maji hayajatulia. Kati ya hizo nichague gani?

Waaleikum salaam mwanangu. Pole kwa samaki wako, najua inavyouma kuamka asubuhi ukamkuta ameelea.

Hizo pakiti tatu kila moja inanasa kitu chake na haigusi cha mwenzake, kwa hivyo kabla hujachagua lazima ujue unataka kutoa nini majini, na wewe kinachokuulia samaki ni amonia. Samaki akila anatoa amonia, chakula kilichobaki kikioza kinatoa amonia, na goldfishi ni mlaji na mchafuzi kweli, wanne kwa lita 100 ni wengi. Kwenye tangi lililozoea kuna bakteria wanaoishi kwenye sponji na mchanga, wao wanaigeuza amonia kuwa naitraiti halafu naitreti ambayo si kali, lakini bakteria hao huchukua kama wiki 4 mpaka 6 kujaa na wewe kila Ijumaa unawaua na sabuni. Acha sabuni leo hii. Sponji isuuze ndani ya ndoo yenye maji uliyotoa kwenye tangi lenyewe, ikamue mara mbili tatu, rudisha.

Sasa pakiti. Ile nyeusi ni kaboni, na nzuri zake nyingi hutengenezwa kwa vifuu vya nazi, lakini usiifananishe na makaa ya jikoni hata kidogo. Makaa ya jikoni yamechomwa tu. Kaboni ya filta baada ya kuchomwa inapitishwa tena mvuke kwenye moto wa nyuzi 800 na zaidi mpaka inatoboka vishimo visivyoonekana kwa macho, gramu moja tu ukihesabu kuta za vishimo vyake vyote unapata zaidi ya mita mraba 500, yaani zaidi ya uwanja wa basketboli, na hapo kwenye kuta ndipo uchafu unaponata. Ya jikoni itakupa vumbi na majivu basi, itoe. Kaboni inatoa rangi ya manjano, harufu, klorini na mabaki ya dawa. Amonia haitoi, naitreti haitoi, chumvi haitoi. Kwa hivyo ukitia kaboni harufu inaweza kupungua, ukadhani maji ni mazima, kumbe amonia iko pale pale.

Vijiwe vyeupe ni zeolaiti, hiyo ndiyo inanasa amonia, na duka lingekuwa limekupa jibu sahihi kama ungekuwa na maji yasiyo na chumvi kabisa. Lakini wewe umeniambia kisima. Maji matamu ya kisiwa chetu ni mvua iliyozama kwenye vilima vya mchanga vya Shela, yanaelea chini kule juu ya maji ya bahari kwa kuwa ni mepesi, na mtu akivuta sana au kisima kikiwa karibu na pwani chumvi inapanda. Sasa zeolaiti inavyosafishwa ikishajaa ni hivi, unailoweka kwenye maji ya chumvi usiku kucha, chumvi inaingia, amonia inatoka. Umeona? Maji ya kisima chako yakiwa na chumvichumvi, kile kile kinachoisafisha kwenye ndoo kinatokea ndani ya tangi, haishiki vizuri, na ikiwa ilishashika inaweza kuiachia kwa samaki. Yaonje. Ukiisikia chumvi ulimini itoe zeolaiti usihangaike nayo. Kama ni matamu iache kwa hizi wiki mbili tatu za hatari, kisha uipunguze kidogo kidogo ili bakteria nao wapate chakula chao, manake zeolaiti ikila amonia yote wao hawakui.

Ile nyekundu ni chuma chenye kutu kilichotengenezwa punje punje, kinanasa fosfeti inayolisha koga. Wewe huna shida ya koga, iweke kabatini.

Matumbawe pia yatoe. Hayo ni chokaa, yanaongeza ugumu wa maji na kupandisha pH, yaani kupunguza uchachu wa maji, na pH ikipanda amonia ile ile kiasi kile kile inakuwa sumu zaidi, na joto letu hili linazidisha. Maji ya visima vyetu tayari ni magumu, usiyaongezee.

Dawa yako ya kweli kwa sasa ni ndoo. Badilisha robo ya maji kila siku au siku mbili, maji mapya yawe na joto sawa na ya ndani, punguza chakula hadi kidogo mara moja kwa siku, na chochote wasichokimaliza kwa dakika mbili kitoe. Ukipata mtu anakuja kutoka Mombasa muagize kipimo cha matone cha amonia, hicho kina faida kuliko pakiti zote tatu, unataka isome sifuri. Na ndani ya filta panga hivi, maji yakutane na sponji kwanza, halafu vile vipande vya kauri wanapokaa bakteria, kaboni iwe ya mwisho ndani ya kifuko cha chandarua, nusu kikombe yatosha tangi lako, isuuze kwanza mpaka maji yake yasiwe meusi.

Wazee wetu walitia visamaki kwenye mabirika ya nyumba za mawe ili wale viluwiluwi vya mbu, na wale samaki waliishi bila filta yoyote. Walikuwa wachache kwenye maji mengi, hakuna aliyewamwagia chakula, na maji yalichotwa na kujazwa kila siku. Nikiwa na tangi langu la kwanza hilo ndilo sikulielewa, nikabadilisha kila kitu cha filta siku moja kiwe kipya, bakteria wote wakaenda, na ndani ya wiki nikapoteza samaki wote. Bado linaniuma. Ndio maana nakuandikia kwa urefu hivi. Ukianza tena baadaye na kisima chako ni cha chumvichumvi tafuta samaki aina ya moli au gapi, hao wanaivumilia chumvi.

Shikamoo. Mimi mama wa watoto watatu, Malindi. Samaki wa mwanangu walitoka madoa meupe kama chembe za chumvi, nikanunua dawa ya rangi ya buluu, nikaitia kama ilivyoandikwa. Kesho yake maji meupe pee kama sikutia kitu na madoa yamezidi. Dawa ni feki?

Marahaba mama. Dawa huenda haina tatizo, naona filta yako ina kaboni na hiyo imeila dawa yote usiku. Kaboni haijui kipi uchafu kipi tiba. Itoe leo, badilisha robo ya maji, anza dozi upya na uimalize kama ilivyoandikwa hata madoa yakipotea siku ya tatu, kwa sababu kile kijidudu kikiwa kimejificha chini ya ngozi ya samaki dawa haikipati, kinakufa pale tu kinapotoka kuogelea kutafuta samaki mwingine. Sponji na kauri ziache zifanye kazi. Ukimaliza dozi ndo utie kaboni mpya, si ile ya zamani, ikusafishie mabaki ya dawa kwa siku chache.

Na kama maji yako ni ya mfereji, kumbuka klorini. Ukiyaacha kwenye ndoo wazi siku nzima klorini ya kawaida inaruka yenyewe, ila usitegemee kaboni ya filta ikufanyie hiyo kazi maji yakiwa tayari ndani na samaki, manake inachukua muda na mashavu yao yanaungua kabla.

Mzee wangu, nimeweka kipande cha mkoko kwenye tangi, kimependeza, lakini maji yamekuwa kama chai ya rangi. Kaboni yangu ina miezi mitatu, nikiichemsha itafanya kazi tena? Niko Shela.

Hapana mwanangu, kuchemsha kunatoa vumbi la juu tu, vishimo vinabaki vimejaa, ile ya kiwandani inafunguliwa na joto ambalo jiko lako halifiki. Kaboni hudumu wiki 3 au 4, itupe kwenye mchanga wa maua. Rangi hiyo ni ile ile ya magome ya mikoko yaliyokuwa yakitumika kutengenezea ngozi, samaki haiwadhuru, wengine hata wanaipenda, kwa hivyo ni macho yako tu. Kitoe kipande ukiloweke kwenye ndoo wiki mbili tatu ukibadilisha maji, kisha tia kaboni mpya. Kujua imeisha jaza maji ya tangi kwenye bakuli jeupe na maji safi kwenye jingine uyaweke pamoja karibu na dirisha, la tangi likiwa la manjano basi badilisha.

Kama utakuwa unabadilisha kila mwezi na usafiri wa kuagiza unakuchosha, kuna resini, yaani punje za kutengenezwa kiwandani, kama Purigen, zinakula rangi hiyo hiyo na zikigeuka kahawia unazirudisha kwa kuziloweka kwenye jiki na maji nusu kwa nusu siku nzima, ila baada ya hapo zisuuze sana na uziloweke tena kwenye dawa ya kuondoa klorini mpaka harufu ya jiki iishe kabisa, ikibaki hata kidogo usizirudishe.