Usianze na muuaji

Mimi si askari wala mwandishi wa habari. Kazi yangu ni masjala: napokea barua, nazipa namba, nafungua majalada. Ila kwa miaka tisa sasa, watoto wakishalala, husoma habari za mabinti waliopotea, wale ambao kesi zao zimelala miaka na miaka. Mume wangu huuliza kwa nini nisitazame tamthilia kama wenzangu. Hivi karibuni vijana wawili kazini wameniomba niwaonyeshe pa kuanzia, nikawaambia neno moja: msianze na muuaji.

Hilo nililijua kwa aibu. Mtaani kwetu dada wa kazi wa jirani alitoweka siku ya Jumapili. Kufika jioni mimi, mjuzi wa kesi, nilikuwa nimeshaandika kwenye grupu la mtaa la WhatsApp kwamba kuna kijana wa bodaboda aliyekuwa akimbeba mara kwa mara. Sikumtaja jina. Haikuhitajika, kila mtu alimjua. Kesho yake wenzake walimfukuza kijiweni na pikipiki ikavunjwa taa. Siku ya nne binti akapiga simu kutoka kwa shangazi yake: alikuwa amechoka kufanya kazi miezi minne bila mshahara, akaamua kuondoka. Yule kijana nilimlipia taa na kumwomba radhi, akapokea, lakini mpaka leo hapiti mlangoni kwangu. Linaloniuma zaidi ni hili: grupu zima tulikuwa na ratiba ya bodaboda kichwani, na hakuna hata mmoja aliyejua jina la ukoo la binti aliyepotea.

Anza na yeye, basi. Jina lake lote, kimo, meno, kovu, nguo, nani alimwona mwisho, saa ngapi, na nani ndiye anayesema hivyo. Ukimjua yeye vizuri, utashangaa ni mangapi yaliyoandikwa juu yake hayamhusu.

Mfano ninaoupenda ni wa Kentucky, Marekani. Mei 1968 mchimba visima mmoja alikuta mwili wa mwanamke umefungwa kwenye turubai kando ya barabara karibu na mji wa Georgetown. Hakutambulika, wakamzika, na baadaye wakamwekea jiwe lililomwita "Tent Girl", Binti wa Turubai. Juu ya jiwe lile wakachonga umri wake: kati ya miaka 16 na 19. Ni makadirio, lakini yakishachongwa kwenye jiwe nani atayauliza? Watu wakawa wanatafuta msichana wa shule. Kulikuwa pia na kitambaa cheupe kilichodhaniwa kuwa taulo.

Miaka ikapita. Todd Matthews, kijana wa Tennessee aliyekuwa akifanya kazi kiwandani, alioa binti wa yule mchimba visima, akaisikia hadithi kwa baba mkwe wake, na haikumtoka tena. Alihangaika nayo miaka kama kumi. Mwaka 1998, usiku, akipekua matangazo ya watu waliopotea kwenye intaneti, akakutana na ombi la mwanamke anayemtafuta dada yake, aliyepotea Lexington, mwendo mfupi tu kutoka Georgetown, mwishoni mwa 1967. Kaburi likafukuliwa, vinasaba vikalingana. Alikuwa Barbara Ann Hackmann Taylor, mwenye miaka 24, mke wa mtu na mama. Na lile taulo lilikuwa nepi.

Nepi! Miaka 30 jibu la swali la umri lilikuwa limelala kwenye orodha ya vielelezo.

Tazama Matthews alifanya nini hasa. Hakumkimbiza mtu. Alichukua karatasi mbili zilizokuwa mbali, akaziweka kando kwa kando. Hiyo ndiyo kazi yetu sisi tusio na kitambulisho cha upelelezi. Mtu wa masjala anaielewa mara moja.

Karatasi yenyewe nayo haiaminiki bure. Hapa jirani Kenya, Septemba 1988, Mwingereza Julie Ward, mpiga picha za wanyama wa miaka 28, alipotea Maasai Mara, upande wa kambi ya Sand River, karibu kabisa na mpaka wetu wa Tanzania. Baba yake, John Ward, alikuja mwenyewe, akakodi ndege za kumtafutia, na siku chache baadaye yakapatikana mabaki machache kwenye majivu ya moto. Wakubwa wakasema ni wanyama. Simba wa kuwasha moto mimi sijamsikia. Ripoti ya daktari ilisema mifupa ilikatwa. Ikabadilishwa ionekane kwamba imetafunwa na wanyama. Maneno machache tu, na mauaji yanageuka ajali ya porini. Baba aliyang'ang'ania maneno hayo, na uchunguzi wa mahakama Nairobi mwaka 1989 ukakubali kwamba binti aliuawa. Watu walishtakiwa mara mbili, hukumu zikatoka 1992 na 1999, na wote wakaachiwa. Mzee alisafiri kwenda Kenya zaidi ya mara 100, akafariki 2023 bila jibu.

Kwa hiyo kila ripoti iulize: hii ni ya kwanza au ya pili? Nani aliifuta ya kwanza? Mimi natumia daftari la mistari, kalamu mbili. Bluu ni kilichoonwa, nyekundu ni kilichokadiriwa. Umri wa mifupa, nyekundu. Siku ya kufa, nyekundu. "Inasemekana alikuwa na mpenzi", nyekundu, na uipigie mstari. Kurasa nyingi hujaa wekundu, usishtuke.

Familia usiipigie simu. Mama aliyepotelewa ameshapigiwa na waganga na matapeli wa kutosha, hahitaji na wewe mwenye nadharia. Ukipata kitu kinacholingana kweli, kipeleke polisi pamoja na namba ya jalada, kisha nyamaza. Kwenye grupu usikipeleke.

Barbara bado yuko Georgetown. Jiwe la zamani hawakuling'oa, lipo na umri wake wa uongo, na chini yake familia imeweka dogo lenye jina lake. Hakuna aliyewahi kuhukumiwa kwa kifo chake.