Ukifika White Mana, kaa kaunta

Ndugu wakija kututembelea New Jersey, hutaka kula "chakula cha Kimarekani hasa". Siwapeleki kwenye mgahawa wa taa nyingi. Nawapeleka White Mana, Jersey City, kibanda cha baga cha mviringo kando ya Tonnelle Avenue ambako malori hayaishi kupita. Wengine hununa wakiona udogo wake. Wavumilie.

Kibanda hicho hakikuanzia hapo. Kilionyeshwa kwenye Maonyesho ya Dunia ya New York ya 1939, kama mgahawa wa siku zijazo, ndipo kikahamishiwa Jersey City mwaka 1946. Enzi hizo New Jersey ilikuwa na viwanda vilivyounda migahawa mizima na kuipeleka kwa mnunuzi ikiwa tayari. Biashara ya migahawa midogo kama hii ni ya zamani zaidi: mwaka 1872, mjini Providence, jimbo la Rhode Island, mtu aitwaye Walter Scott alikuwa akiwauzia wafanyakazi wa gazeti chakula cha usiku kutoka kwenye mkokoteni wa farasi.

Sasa ushauri. Usichukue chakula ukaenda kulia garini. Kaa kaunta, utazame bamba la moto. Mpishi hutupa donge la nyama, hurushia vitunguu juu, hukandamiza kwa mwiko, hugeuza, kisha hufunika kwa mkate ili mkate huo unywe mvuke wa vitunguu. Hapo utaelewa kwa nini jengo ni dogo: mtu mmoja anafikia kila kitu bila kuzunguka, kama muuza chipsi wa kwetu. Ujira wa mtu wa pili umeokolewa.

Agiza mbili au tatu kwa mpigo, maana baga zenyewe ni ndogo. Epuka saa ya chakula cha mchana, na ukishamaliza mpishe mwenzako. Viti ni vya kuhesabu, na soga zina mahali pake. Kwa Waislamu: ulizeni mapema nyama imechinjwaje, na kama ya nguruwe hukaangwa kwenye bamba hilohilo. Kwenye vibanda vya aina hii ni jambo la kawaida, na hakuna atakayekutangazia.

Mwisho, angalia anwani vizuri. Kuna White Manna nyingine, yenye n mbili, huko Hackensack, mji mwingine wa New Jersey. Wageni wangu wameshapishana huko na huku. Nayo pia ni kongwe na ndogo, na kwa ulimi wangu baga zake zinashinda, ingawa Jersey City silisemi hilo kwa sauti.