Kabla ya kuhesabu seli shina, tunza mabikira wako

Anayeanza kazi ya seli shina (seli zinazojigawa na kuzaa seli nyingine) za inzi wa matunda huwa na hamu ya hadubini. Ninyi mnaoingia maabara hapa Ishaka, Uganda, iwekeni kando kwanza. Jaribio la kupandana, yaani kulinganisha seli shina za majike mabikira na za waliopandwa, huamuliwa asubuhi, unapotenga majike mabikira.

Kwenye ncha ya kila mrija wa ovari mna seli shina 2 au 3 tu za kuzalisha mayai. Mwaka 2016 Tomotsune Ameku na Ryusuke Niwa wa Chuo Kikuu cha Tsukuba, Japani, walionyesha kwamba jike akishapandwa seli hizo huongezeka. Ukipiga wastani, ongezeko halifiki seli moja kamili kwa mrija. Kwa hiyo majike wachache waliopandwa bila wewe kujua, wakichanganyika na mabikira, wanaweza kukufutia tofauti yote unayoitafuta.

Na hawarudi kuwa mabikira kwa kukaa peke yao. Dume humwachia jike, ndani ya shahawa, peptidi ndogo (kipande kifupi cha protini) ya asidi-amino 36. Neva za njia ya uzazi huipokea, kisha ovari yenyewe hutengeneza homoni ya ekdisoni kwa wingi zaidi, na seli shina zinagawanyika. Peptidi hiyo hushikamana na mikia ya mbegu za kiume ambazo jike amezihifadhi, ndiyo maana athari yake hudumu siku kadhaa. Mwaka 2018 kundi hilohilo liliongeza kwamba hata utumbo unashiriki: seli zake hutoa peptidi nyingine, nyuropeptidi F, ambayo husafiri hadi kwenye ovari. Mimi hili linanigusa sana. Mwili mzima unapata habari, na seli mbili tatu zilizojificha ncha ya mrija zinaitikia.

Sasa utengaji. Katika nyuzi joto 25, jike anaaminika kuwa bikira kwa takriban saa 8 tangu atoke kwenye pupa. Katika nyuzi 18, muda unakaribia mara mbili. Wengi hutoka alfajiri. Asubuhi toa inzi wote chupani, usimwache hata mmoja, halafu rudi kukusanya kabla saa hazijaisha. Tafuta jike mweupe-mweupe mwenye doa jeusi tumboni: huyo ametoka sasa hivi. Umeme ukikatika usiku, usihesabu saa kana kwamba kabati la joto lilikuwa likifanya kazi. Soma kipimajoto, na ukiwa na shaka mwache jike huyo.

Mabikira wakae siku chache kwenye kichupa chao kabla ya jaribio. Watataga mayai machache yasiyorutubishwa. Ukiona funza hata mmoja, tupa kichupa kizima, hata kama ndicho ulichobaki nacho. Na tafadhali, menvu (ndizi mbivu) msilete chumba cha inzi. Inzi wa porini wa hapa kwetu wanazipenda, na dume mmoja akipenya kwenye pamba ya kuziba kichupa amekuharibia wiki.

Chakula nacho hubadili seli shina, pengine kuliko kupandana kwenyewe. Jike aliyenyimwa hamira hupunguza kasi ya kutengeneza mayai. Basi mabikira na waliopandwa wale chakula cha sufuria moja, unga wa posho (wa mahindi) uleule, hamira ileile, na wawe wa umri mmoja.

Ukifika kwenye hadubini, seli shina ni ile inayogusa seli za kofia pale nchani, yenye spektrosomu (kijisehemu kilicho ndani ya seli) ya duara. Katika seli zilizokwisha kuondoka na kuanza kugawanyika pamoja, kijisehemu hicho huwa na umbo la matawi. Mwombe mwenzako afunike lebo za slaidi zote kwa karatasi, hesabu mirija yote uliyokusudia, kisha ndipo mzifunue.