Maswali ya Wasomaji: Friji Moja, LUKU Moja, Vyumba Sita

SWALI: Nimepanga chumba Tandika, Dar es Salaam, katika nyumba ya vyumba sita yenye LUKU moja, yaani mita moja ya umeme wa kulipia kabla. Tangu nihamie, kila chumba hutoa shilingi 10,000 za umeme kwa mwezi. Mwaka huu nilinunua friji la mtumba nikaanza kuuza barafu, maji baridi na juisi ya ukwaju hapo barazani, na biashara hiyo ndiyo inayonisaidia kusomesha watoto. Hakuna mpangaji aliyewahi kuniambia lolote. Hata hivyo siku hizi uniti zinaisha wiki ya tatu tukachangishana tena, na nikipita uani mazungumzo hukatika. Chumba kinachotazamana na changu anaishi mama mtu mzima mwenye taa moja na redio. Je, nina kosa gani, ikiwa makubaliano ni kila chumba sawa na hakuna aliyelalamika?
Mama Wawili, Tandika

JIBU: Mama Wawili, makubaliano yenu yalivumilika siku yalipofanywa, kwa sababu siku hiyo kila chumba kilikuwa na taa, chaja ya simu na pengine feni. Ulipoingiza friji hali ile ilibadilika, na aliyeibadilisha ni wewe. Kwa hiyo wa kulifungua upya jambo hili ni wewe pia, hata kama wenzako wamenyamaza.

Tupige hesabu kwanza, maana ugomvi mwingi wa LUKU huwa ni wa watu kubishana bila namba. Uniti moja ni umeme unaotumiwa na kifaa cha wati 1,000 kwa saa moja. Taa ya wati 10 ikiwaka saa sita kila usiku haifikishi uniti mbili kwa mwezi mzima. Friji la wati 150, hata tukichukulia kwamba mota yake hufanya kazi nusu tu ya siku, hula uniti 54 hivi kwa mwezi, na lile lenye mpira wa mlango uliochoka, linalofunguliwa kila anapokuja mteja, litapita hapo. Kwa takribani shilingi 350 kwa uniti pamoja na kodi, friji lako peke yake linataka karibu shilingi 19,000, nawe unatoa 10,000 ambazo ndani yake mna taa yako na pasi yako. Yule mama, kwa taa, redio na kuchaji simu, ni vigumu kuvuka uniti tano, yaani chini ya shilingi 2,000, naye hutoa 10,000 zilezile na kuongeza tena wiki ya tatu. Kila chupa ya juisi unayouza ina mchango wake ndani.

Alikuwa akilipa zaidi ya matumizi yake hata kabla ya friji, na hilo si kosa lako. Shirika la umeme, TANESCO, lina daraja la watumiaji wadogo, wasiozidi uniti 75 kwa mwezi, wanaouziwa umeme kwa bei nafuu sana. Mtu wa taa moja angekuwa na mita yake angeingia humo, lakini kwa kuwa anachangia mita ya nyumba nzima, anauziwa kwa bei ya nyumba nzima.

Sasa kuhusu kimya chao. Nyumba ya kupanga mnachota bomba moja na kuanika kamba moja, na mtu akithubutu kusema juu ya friji lako leo, kesho ataambiwa ana kijicho na riziki ya mwenzake, tena mwenzake mwenye watoto. Mtu mzima anayejiheshimu hawezi kukugongea mlango akudai shilingi elfu tatu za umeme. Atanyamaza, na ukipita atakatisha maneno. Wewe umeliona hilo, ndiyo maana umeandika.

Mfuate anayekusanya fedha za LUKU, wenzako wawili watatu wakiwapo, umwambie kwamba kuanzia mwezi huu utatoa 29,000, yaani 10,000 za awali na 19,000 za friji, ili wao wabaki na mchango wao bila kuongeza. Kama namba hiyo ina shaka, fundi umeme anaweza kukufungia mita ndogo ya chumba chako kwa ruhusa ya mwenye nyumba, na hapo kila mmoja atasoma mwenyewe. Ikiwa juisi haiwezi kubeba shilingi 19,000, basi bei yako ilikuwa ya chini mno, au biashara ilikuwa haijapata faida unayoidhania.

Nakuonya juu ya jambo moja tu: usijaribu kufidia kwa kumpelekea yule mama juisi ya bure kila jioni. Ataipokea kwa adabu, na kuanzia hapo atashindwa kabisa kusema neno. Mlipie umeme kwanza. Juisi mpelekee ukipenda.

Na kwa kuwa utakuwa ukinunua LUKU mara nyingi, kumbuka kwamba tangu Agosti 2021 kodi ya majengo hukatwa humo, mtu anaponunua kwa mara ya kwanza katika mwezi. Kodi hiyo ni ya mwenye nyumba, naye anapaswa kuwarudishia. Wenye nyumba wengi husahau, ingawa kodi ya pango hawaisahau hata mwezi mmoja.

SWALI: Ninafanya kazi ya ulinzi usiku. Nikilala asubuhi, jirani hufungulia redio na kutwanga kisamvu chini ya dirisha langu. Nimsemeje bila kuvunja ujirani?
Mlinzi, Mbagala

JIBU: Kaka, yeye anatwanga mchana, wakati halali wa kutwanga, na yawezekana hajui kama umo ndani. Usitoke kumkabili ukiwa umetoka kuamshwa, wala usimtume mtoto. Nenda jioni kabla ya kwenda lindoni, umweleze saa zako: kwamba unalala kuanzia saa mbili asubuhi hadi saa nane mchana, na unaomba katika saa hizo redio ipunguzwe na kinu kihamishiwe upande wa pili wa ua. Ombi lenye saa maalumu hukubalika upesi, kwa sababu anayeombwa anajua ni lini atakuwa huru tena. Usiombe ua mzima ukae kimya. Watoto watacheza tu. Nawe, unaporudi alfajiri wenzako wakiwa bado wamelala, angalia unavyolifunga lile geti la bati.