Krediti za chuo ukiwa bado hai skuli: uliza kwanza zinaenda wapi

Kila ikifika Machi simu yangu haitulii, ni kina mama wa kwetu hapa Brooklyn Park, mtoto yuko gredi ya 10 anaingia ya 11, wamesikia kuna masomo ya chuo ya bure na swali la kwanza ni lile lile, mwanangu hii PSEO ni ya kweli ama kuna mtu atatutumia bili baadaye? Ni ya kweli mama. PSEO (Postsecondary Enrollment Options, mpango wa kusoma chuo ukiwa bado hai skuli) iko hapa Minnesota, Marekani, tangu 1985, wakati wa gavana Rudy Perpich, na hili ndilo jimbo lililoanza kabla ya mengine yote. Mtoto wa gredi ya 11 au 12 anaenda kusoma chuo kabisa, anakaa darasani na wanafunzi wa chuo, na serikali ya jimbo inalipa karo, ada na vitabu vinavyotakiwa (vitabu unarudisha semista ikiisha, usivichore). Wa gredi ya 10 pia anaweza kuanza, ila kwa kozi moja ya ufundi kwanza.

Sasa mimi nilifika hapa nikiwa na miaka 14, mamangu akifanya shifti za usiku kwenye nyumba ya wazee, na shuleni hakuna aliyenikalisha chini kunieleza haya mambo. Nilisikia jikoni kwa auntie mmoja siku ya harambee, tukisonga ugali wa watu sitini, binti yake akasema hivi hivi tu kwamba yeye Jumanne na Alhamisi hayuko shule, yuko koleji. Nikashika mwiko nikasahau kugeuza. Kesho yake nikaenda kwa kaunsela na kumbe fomu zilikuwa hapo ofisini siku zote. Sheria inataka shule iwape wazazi habari za PSEO kufikia Machi 1 au mapema zaidi, lakini habari yenyewe inakuja kwenye karatasi ya Kiingereza ama kwenye tovuti, na mzazi anayetoka shifti saa moja asubuhi hana muda wa kuitafuta. Kwa hivyo usingoje kuitwa. Nenda uulize, na ukumbuke Mei 30, hiyo ndiyo siku ya kuwa umeijulisha shule kwamba mtoto ataenda semista inayofuata, ile inayoanza baada ya likizo ya kiangazi. Kuingia chuoni pia kuna masharti na kila chuo kina yake, maombi yanataka yaanze mapema kuliko hapo.

Kitu kinachowashangaza wengi ni hesabu yake. Kozi ya chuo ya krediti 4 (krediti ni kipimo cha uzito wa kozi, ndizo zinazohesabiwa hadi digrii), ya semista moja, shule inaihesabu kama somo la mwaka mzima la hai skuli. Mtoto anamaliza Kiingereza cha mwaka kwa miezi minne na krediti anabaki nazo chuoni. Ndiyo maana watu wanapata tamaa, na hata mimi nilipata.

Nilikusanya krediti 31. Nilichukua chochote kilichokaa vizuri kwenye ratiba ya basi, somo la filamu, somo la mahusiano, saikolojia mbili, kwa sababu nilifikiri krediti ni krediti. Halafu nikaenda chuo kikuu cha jimbo lingine kusomea uuguzi. Nakumbuka ile meza hadi leo, mama wa ofisi ya usajili ana transkripti yangu (rekodi ya masomo na alama) na peni ya kijani, anashuka mstari kwa mstari, hapa tiki, hapa anaandika "ya hiari", hapa anaandika "ya hiari" tena, hapa anapiga mstari. Zilizobaki za kunisaidia kwenye uuguzi wenyewe zilikuwa 11. Zile za hiari hazikupotea kwenye karatasi, lakini hazikunipunguzia hata semista moja, kwa sababu uuguzi unataka anatomia, kemia, takwimu, na mimi sikuwa nazo.

Kwa hivyo nawaambia watu wangu, kabla mtoto hajachagua somo hata moja, fungua orodha ya masomo ya kile chuo anachotaka kumalizia na ile fani anayoitaka, uiweke pembeni, ndio uchague. Kama hajui anataka nini (wa miaka 16 wengi hawajui na si kosa) basi akae kwenye masomo yaliyo ndani ya Minnesota Transfer Curriculum, ni krediti 40 zilizogawanywa kwenye malengo 10, na vyuo vya umma vya hapa jimboni vinapokezana hizo. Akienda nje ya jimbo au chuo binafsi, uliza chuo chenyewe, na jibu ulitake kwa barua pepe.

La pili linaniuma zaidi. Semista yangu ya mwisho nilichukua kemia huku nafanya kazi wikendi nzima, nikazidiwa, nikaacha tu kwenda. Sikujiondoa rasmi, nilidhani nikiacha kwenda imeisha. Nikapata F, na hiyo F si ya hai skuli pekee, ni ya chuo, inakaa kwenye transkripti ya chuo maisha yako yote, na chuo kikipima kama unastahili kuendelea kupata msaada wa fedha kinaweza kuihesabu. Mwaka wa kwanza wa chuo nikaletewa barua ya onyo na mamangu akaisoma kabla yangu. Kila kozi ina tarehe ya mwisho ya kujiondoa, iandike kwenye kalenda ya jikoni siku ya kwanza ya semista. Ukijiondoa kwa wakati unapata W, yaani alama ya kwamba ulijiondoa. Si nzuri, lakini haishushi wastani kama F.

AP (Advanced Placement, masomo ya kiwango cha chuo) nayo iko, hiyo unasoma hapo hapo shuleni na mtihani ni Mei, alama ni 1 hadi 5. Vyuo vingine vinakubali 3, vingine vinataka 4 au 5. Nzuri kwa mtoto asiye na usafiri. Ila kule mtihani mmoja ndio unaamua kila kitu, PSEO ni kazi ya semista nzima.

Na sasa hili ambalo karibu kila nyumba ninayoingia hawalijui. Kiswahili chenu kina krediti. Minnesota inatoa muhuri wa lugha mbili kwa mwanafunzi wa hai skuli anayethibitisha kwamba anaijua lugha nyingine pamoja na Kiingereza, na lugha ya nyumbani inahesabika. Muhuri wa dhahabu ni sawa na semista 3 za lugha katika vyuo vya Minnesota State (mfumo mmoja wa vyuo vya umma vya hapa jimboni), wa platinamu semista 4. Kama shule haina mtihani wa Kiswahili, uliza ofisi ya wilaya ya shule, na usikubali hapana ya kwanza.

Mdogo wangu tulimwandaa hapa nyumbani. Kuzungumza hakukuwa shida, shida ilikuwa kuandika, alikuwa hajawahi kuandika aya moja ya Kiswahili tangu tutoke Kisii. Kila jioni mamangu akiosha vyombo anamwambia aeleze siku yake, akichomeka neno la Kiingereza anakatizwa, "sema tena", halafu anakaa mezani anaandika yale yale aliyosema na mimi nasahihisha. Wiki sita hivyo. Akapata dhahabu.

Lakini krediti haziji zenyewe, lazima mwanafunzi akishajiunga na chuo aziombe, na anayo miaka 3 ya masomo tangu amalize hai skuli. Kama wako alimaliza juzi na cheti kiko kwenye droo na zile karatasi za mahafali, kitoeni, akipeleke ofisi ya usajili wiki hii.