Alama nane za Salimu: barua kwa mwanangu

Mwanangu Mwanaidi,

Umeniuliza kama Salimu ataingia udaktari Muhimbili kwa matokeo yake ya kidato cha sita ya PCB (Fizikia, Kemia na Baiolojia), yaani Kemia C, Baiolojia C, Fizikia D, na wewe mamake umwambieje. Mwambie aombe, ila usimwahidi.

Wazazi wengi hapa Tanga wanachanganya hesabu mbili. Baraza la Mitihani linahesabu A kuwa 1, B 2, C 3, D 4, kwa hiyo Salimu ana daraja la pili la pointi 10, na huko pointi chache ndiyo sifa. Tume ya Vyuo Vikuu inageuza: A ni 5, B 4, C 3, D 2. Kwa hesabu hiyo ana 8 kati ya 15.

Kinachoandikwa kwenye mwongozo wa Tume ni kiwango cha chini cha kuomba tu. Waombaji wakizidi nafasi, chuo kinapanga majina kuanzia juu, nafasi zikiisha kinakata. Mwenye 14 anatangulia, na wenye alama za juu za PCB nchi nzima wanaitaka Muhimbili hiyo hiyo.

Kwa hiyo asiombe huko peke yake. Udaktari unasomwa pia KCMC Moshi, Bugando Mwanza na Dodoma. Vyuo vya binafsi ada yake ni nzito, basi wewe na mumeo mzungumzie pesa kabla hajaomba, si baada ya kuchaguliwa. Mkopo wa Bodi ya Mikopo unaombwa peke yake, na kuchaguliwa chuo si kupata mkopo. Cheti chake cha kuzaliwa kihakikiwe mapema RITA, wakala wa serikali wa usajili wa vizazi, na majina yalingane na ya matokeo.

Kosa ninaloliona sana ni kujaza Udaktari, Meno na Famasia, basi. Hizo zote zinagombewa na watoto wale wale. Aongeze uuguzi, maabara au afya ya mazingira, lakini ile tu anayoweza kuisoma kwa moyo, maana huko ndiko anakoweza kuchaguliwa kweli. Awamu ya pili ipo, ila kozi zenye ushindani huwa zimeshajaa, kwa hiyo orodha nzuri aijaze awamu ya kwanza.

Steshenari za Ngamiani, ambako watu hujaziwa maombi ya mtandaoni, nazo mjihadhari nazo. Kijana wa kompyuta akiona mteja hana barua pepe, anaweka yake, na namba yake ya simu pia. Salimu akichaguliwa vyuo viwili, lazima athibitishe kimoja kwa namba ya siri inayotumwa kwa simu. Ikienda kwa mtu wa steshenari, muda unapita mkimtafuta. Akae mwenyewe kwenye kiti, aandike namba yake, na namba ya mtihani wa kidato cha nne aisome kwenye cheti tarakimu kwa tarakimu.

Ikishindikana, stashahada ya utabibu ni miaka 3 na inampa kazi ya afisa tabibu. Kwa GPA (wastani wa alama za chuo) isiyopungua 3.0 na ufaulu mzuri wa kidato cha nne, anaweza kuomba shahada baadaye. Ni njia ndefu, udaktari wenyewe ni miaka 5 na mwaka wa mazoezi, ila si aibu, na usimtajie kama adhabu.

Dua mwombee, lakini hiyo 8 muiandike kwenye karatasi mbele yake, aione. Kisha nitumie orodha ya kozi kabla hajalipia.

Babako